Sababu ya Pili

"Maji yako yananidondokea mlangoni, jirani, na leo sinyamazi," msusi alikuwa akisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fungu la nywele za bandia. "Nimenyamaza mpaka ukuta umeota ukungu."

"Ni maji ya kiyoyozi, dada, si mimi niliyeyamwaga," wakili alimjibu. Funguo zilikuwa mkononi, mkoba wa majalada umemvuta bega upande mmoja. "Nimemwambia fundi. Kasema atakuja."

"Fundi yupi? Yule aliyekuja kukodoa macho akaondoka na bisibisi yangu?"

Kicheko kikatoka ndani. Kwa msusi hapakosi watu. Jengo zima, kuanzia duka la chini mpaka paani kwenye kamba za nguo, lilipokea habari zake kwenye ile sebule ya viti vya plastiki: nani kahama bila kuaga, nani karudiana na mumewe, nani kanunua friji kubwa kuliko jiko lake. Sasa vichwa viwili vilichungulia mlangoni, kimoja kimesukwa chote, kingine nusu tu, nusu ya pili imesimama wima kama imeona jambo.

Siku nyingine wakili angetania kidogo akaingia kwake. Leo hakuwa na utani. "Naomba tuyaweke mpaka keshokutwa," alisema. "Kesho nina kesi."

"Najua una kesi." Sauti ya msusi ilishuka ghafla. "Nimekuona kwenye taarifa ya habari, unashuka ngazi za mahakama na joho lako. Ni kesi ya vidude. Sasa nakuuliza. Kitazimwa au hakitazimwa?"

Vichwa vya mlangoni viliacha kucheka.

"Kitu gani kizimwe?"

"Cha mama. Kilicho kifuani kwa mama yangu." Msusi alitazama sakafu. "Hayo maji nimeyasingizia tu, nipate pa kuanzia."

Wakili alisimama vile vile na mkoba wake. Alijua vidude hivyo kuliko alivyowajua wajomba zake. Alijua vinasikilizaje moyo, vinatofautishaje pigo la moyo na mtikisiko wa mtu anayepanda ngazi, na moyo ukiruka pigo vinaitaje simu ya ndugu. Angeweza kukuchorea kimoja gizani. Lakini hakuwahi kukiona juu ya ngozi ya mtu. Na ule mlio uliokuwa ukipenya ukutani kila mara, tii-tii-tii, miaka yote alidhani ni oveni ya jirani.

"Anacho tangu lini?"

"Tangu alipoanguka mara ya kwanza. Kinapiga kelele hata akikilalia vibaya, tumeshakizoea. Lakini jaji yule wa mwanzo alipotoa amri, kampuni yenu ikavizima vyote, unakumbuka? Mkakata rufaa, vikawashwa tena. Wewe kwako hapo katikati palikuwa makaratasi. Mimi hapo katikati nilimkuta mama sakafuni bafuni, midomo rangi ya majivu, na kile kidude kiko kifuani kimya, plastiki tupu. Mpaka leo haogi mlango umefungwa. Mtu mzima yule, anaoga na mimi nimekaa pale kwenye ndoo namtazama."

"Pole, dada. Lakini siruhusiwi kuzungumzia kesi."

"Hata kuniambia nianze kulia mapema huruhusiwi?"

Ndani, kutoka chumba cha mwisho, sauti nyembamba ya Bibi ikauliza, "Ni nani huyo anasimamishwa mlangoni kama mdai? Mwambie aingie."

"Nitaingia siku nyingine, Bibi," wakili aliitikia, kama alivyoitikia miaka yote, na akafungua mlango wake upesi kuliko ilivyohitajika.

*

Mawakili wenzake walimwita Sababu Moja, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema. Alianza kazi na kesi za mipaka ya viwanja, watu wakigombania mstari wa michongoma. Siku moja wakili mkuu wa ofisi yao akakaukiwa na sauti asubuhi ya kesi, akasukumwa yeye mbele ya majaji watatu kuitetea kampuni ya chaja za simu iliyodaiwa kuiba ubunifu wa mtu. Wakili mkuu alikuwa ameandika sababu za rufaa ukurasa baada ya ukurasa. Yeye, kwa hofu, alizisahau zote ila moja. Akaisema hiyo moja, akakaa, wakashinda.

Tangu siku hiyo hakuangalia nyuma. Kampuni za kamera, za mashine za kuhesabia magari, za programu za malipo, zote zikishindwa chini zilimkimbilia yeye azipeleke juu. Wengine walikwenda mbele ya majaji na sababu lukuki, wakitumaini mojawapo itashika. Yeye alikwenda na moja, iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano. Jaji akimuuliza, "Je, tukikataa hoja hiyo?" alikuwa na jibu lake, na wanafunzi wa sheria walikuja kulisikiliza kama watu waendao kusikiliza wimbo. "Waheshimiwa, hatufiki huko." Alilisema na tabasamu dogo. Na kweli, mara nyingi hawakufika.

Sasa aliketi mezani kwake, jua la jioni likiwa bado dirishani, akafungua hati ya rufaa ya vidude. Sababu ilikuwa moja. Hataza ya wapinzani, ile haki ya ubunifu waliyoisajili, ilisema kazi ya kupambanua mapigo inafanyika ndani ya kifaa chenyewe. Cha wateja wake kilituma mapigo, na kazi hiyo ikafanyika mbali, kwenye kompyuta za kampuni. Kwa hiyo si kitu kile kile. Kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Hoja safi.

Lakini alijua palikuwa na ya pili. Alikuwa ameiandika mwenyewe mwanzoni: kwamba hata kama rufaa itashindwa, vidude vilivyokwisha kuwa miilini mwa watu visizimwe mpaka kila mmoja apate kingine cha kumlinda. Akaitazama, akaona inaharibu umbo. Akaikata kwa kalamu yake mwenyewe. Mtu akianza kuomba huruma, alijiambia wakati ule, majaji wanajua kwamba hana imani na hoja yake.

Sasa alielewa alichokata. Mahakama ya rufaa haikupi ambacho hukuomba. Kesho akishindwa, amri ya zamani inarudi ilivyo, na vidude vinazimwa vyote kwa mkupuo, kama taa za jumba likifungwa. Ukutani, nyuma ya kabati la vitabu, ile tii-tii-tii ikalia. Wakili alishtuka hata akaangusha kalamu. Akasubiri, amebana pumzi, mpaka alipomsikia Bibi akikohoa na kumlalamikia mtu.

Akampigia Mkurugenzi wa kampuni.

"Hapana," Mkurugenzi alisema kabla hajamaliza kueleza. "Wakili, ukiomba hivyo umewaambia tutashindwa. Wale wanaotaka kununua hisa zetu watakuwa wamekaa humo humo ukumbini. Wakikusikia unaomba huruma, wanaondoka."

"Kuna watu wanavivaa, mkurugenzi."

"Ndiyo maana tushinde. Wewe si Sababu Moja? Nenda na moja."

Mumewe alirudi akamkuta bado ameshika simu iliyokatika. Alikuwa daktari wa meno, na mtu anayeshinda akitazama midomo ya watu iliyojaa vyuma hazoei maongezi marefu. Alimtazama mkewe, akaweka begi chini.

"Umekaza taya," alisema. "Utavunja jino."

"Ulijua Bibi wa jirani ana kidude?"

"Kila mtu anajua. Alinionyesha pale kwenye ngazi, na meno yake akanionyesha." Akafikiri. "Wewe umepita naye mara ngapi kwenye ngazi hizo?"

Wakili aliinama akaiokota kalamu sakafuni.

*

Asubuhi ukumbi wa rufaa ulikuwa baridi kama kawaida yake. Meza ndefu ya majaji watatu ilikuwa juu, na meza ya msemaji chini, na taa yake ndogo: ya kijani ukiruhusiwa kusema, ya njano ukikaribia kumaliza, nyekundu ukitakiwa kunyamaza. Kulia aliketi wakili wa wapinzani, mrefu, mwenye sauti nene iliyompa jina la Redio. Wakili alimsikia Mkurugenzi nyuma yake akigongagonga kiatu sakafuni.

Kati ya majaji, aliyeogopwa hakuwa jaji kiongozi wa katikati, aliyependa kuongea. Aliyeogopwa alikuwa wa kushoto, mzee mwembamba waliyemwita Jaji Kimya. Alikaa kesi nzima amefumba macho nusu, wageni wakidhani amesinzia. Kisha akauliza swali moja. Kuna mawakili walioacha kazi ya mahakamani wakaenda kufundisha kwa sababu ya swali moja la mzee yule.

"Simu zote zizimwe," karani wa mahakama alitangaza, akipita kati ya mabenchi. Alifika la nyuma akasimama. "Na yako, mama."

"Hii haizimwi, kaka yangu."

Wakili aligeuka. Msusi alikuwa ameketi pembeni mwa benchi la mwisho, amevaa gauni lake la kutokea na kandambili za kijani, maana kwa haraka ya asubuhi miguu ilikuwa imesahaulika. Simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Ni amri ya mahakama," karani alisema.

"Sibishani na mahakama. Nakwambia haizimwi."

"Kuna nini huko?" jaji kiongozi aliuliza.

Msusi akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Mama yangu yumo humu."

Watu wakacheka. Hata karani alitaka kucheka. Kisha msusi akaigeuza simu, na kioo chake kikaonyesha alama ndogo ya kijani iliyokuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na kicheko kikafa benchi moja baada ya jingine, kama watu wanaopashana habari ya msiba.

Redio alikuwa ameshasimama. "Waheshimiwa, napinga kwa nguvu zote. Rufaa haipokei ushahidi mpya. Ndugu yangu msomi ameshindwa kuuingiza kwa mlango wa mbele, sasa anaupitisha kwenye benchi la nyuma."

Macho yote yakamgeukia wakili. "Waheshimiwa, ni jirani yangu. Nyumba zetu zimeshikana ukuta. Sikumwalika, na sikujua atakuja."

"Akae karibu na mlango," jaji kiongozi alisema. "Sauti iwe ndogo. Endelea, wakili msomi."

Taa ikawaka kijani.

Alianza. Mdomo ulijua kazi yake hata kama moyo haukuwapo. Alisoma dai la hataza neno kwa neno. Alionyesha palipoandikwa "ndani ya kifaa". Alionyesha jinsi jaji wa chini alivyolisoma kama kwamba maneno hayo hayapo. Jaji kiongozi aliandika. Wa kulia aliitikia kwa kichwa mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu jana kifua cha wakili kikalegea kidogo. Labda, alifikiri. Labda hatufiki huko.

Tii-tii-tii.

Haukuwa mlio mkubwa. Lakini hakuna aliyekuwapo ambaye hakuusikia. Wakili alikomea katikati ya sentensi. Amelala vibaya tu, alijiambia. Anajikuna. Kinalia kila mara. Alimtazama msusi, akitaka kuona uso wa mtu aliyeudhika, uso wa mama-huyu-naye. Hakuuona. Msusi alikuwa akiitazama simu mdomo wazi, na ile alama ya kijani haikuwa ya kijani tena, na haikuwa ikipanda.

Msusi akakimbia. Mlango mzito ukampiga begani, ukafunguka, ukajifunga. Kandambili moja ikabaki pale chini, imepinduka.

Mlio ulisikika ukiishia koridoni.

"Endelea, wakili msomi," jaji kiongozi alisema, kwa sauti isiyo yake.

Akaendelea. Baadaye hakukumbuka alisema nini. Alikumbuka tu kwamba aliongea kuhusu mapigo ya moyo, ishara ya kwanza na ishara ya pili, kwa maneno ya kitaalamu yasiyo na doa, huku akifikiria sakafu ya bafu. Alikuwa akizungumza ili asinyamaze. Taa ikageuka njano.

Upande wa kushoto kipaza sauti kikasogezwa. Kilikwaruza meza. Jaji Kimya alikuwa amefumbua macho.

"Wakili msomi," alisema polepole. "Tuseme hatukubaliani nawe. Unaiomba mahakama hii ifanye nini na vile ambavyo viko vifuani mwa watu?"

Ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu jana, neno kwa neno, kana kwamba mzee alikuwa amejificha nyuma ya kabati lake la vitabu. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Alilisikia likianza kutoka lenyewe, na lile tabasamu dogo likianza kujipanga.

"Waheshimiwa, hatu..."

Akaona kandambili ya kijani mlangoni.

Ulimi ukagoma. Ukumbi ukasubiri. Redio aliinua kichwa, kama mbwa aliyesikia kitu kichakani.

"Waheshimiwa," wakili alisema, "naomba nafasi fupi nipokee maelekezo ya mteja wangu."

Jaji kiongozi akapunga mkono. Wakili aliinama juu ya Mkurugenzi, karibu sana, mpaka akainusa sabuni yake ya kunyolea.

"Usithubutu," Mkurugenzi alinong'ona. "Watu wa hisa wako nyuma yangu."

"Nao wameona alivyotoka yule. Ukumbi mzima umeona."

"Sema hatufiki huko. Si ndiyo kazi yako?"

"Nikisema hivyo na tukashindwa, vinazimwa vyote, na hakuna pa kwenda tena. Hakuna mahakama juu ya hii. Halafu watu watauliza nani aliulizwa swali hili akakataa kuomba. Hawatamtaja Redio. Watakutaja wewe, na mimi." Alimsogelea zaidi. "Bila ruhusa yako siombi. Lakini siwezi kumdanganya yule mzee. Nitamwambia sina maelekezo, na ataelewa."

Mkurugenzi alimtazama kwa chuki iliyochanganyika na kitu kingine. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Naye alikuwa ameiona ile alama ilivyolala. Yeye ndiye aliyeichagulia rangi, zamani, walipokuwa wahandisi wawili na meza moja.

"Omba," alisema mwishowe, bila kutikisa midomo. "Na ukimaliza kuomba, umemaliza na sisi."

Wakili alirudi kwenye meza ya msemaji. Hatua zile chache alizitembea kama mtu anayevuka mto gizani.

"Waheshimiwa, naomba ruhusa ya mahakama kuongeza sababu ya pili ya rufaa. Haimo katika hati yangu. Niliiandika, kisha niliikata mimi mwenyewe. Tukishindwa, tunaomba vilivyo miilini mwa watu viachwe vikiwaka, mpaka kila mmoja apate cha kumlinda."

Redio alikuwa amesimama kabla neno la mwisho halijatua. Alisema kwamba huko ni kukiri. Alisema kwamba ndugu yake msomi, aliyejijengea jina kwa sababu moja, leo amewaambia wote kwamba hiyo moja haitoshi. Alisema na mengine, kwa ile sauti nene, na kila lililotoka lilikuwa kweli kisheria. Wakili aliketi akalisikiliza.

Majaji waliinamiana, kiganja mbele ya mdomo. Iliwachukua muda mrefu. Alijaribu kusoma nyuso zao, akaambulia vipara viwili na miwani.

"Ruhusa imetolewa," jaji kiongozi alisema. "Pande zote zitaleta hoja za maandishi juu ya sababu hiyo. Hukumu itatolewa baadaye."

Taa ikawa nyekundu.

*

Koridoni Mkurugenzi alimpita kama nguzo. Wale wa hisa walimpita wakinong'ona. Wakili mmoja wa makamo aliyekuwa akisubiri kesi yake akamcheka kidogo. "Leo umekuwa Sababu Mbili, shosti. Tumezeeka eh?"

Yeye alikuwa amesimama na kandambili mkononi, ameiokota kabla karani hajaipiga teke pembeni, na alikuwa akiitazama simu yake mwenyewe kama mtu aliyesahau kusoma. Hakuwa na namba ya msusi. Miaka yote ya kushikana ukuta, alikuwa na namba ya mlinzi, ya fundi wa kiyoyozi, ya duka la chini. Ya msusi hakuwa nayo. Alimpigia mumewe. Simu ikaita mpaka ikachoka, bila shaka mikono yake ilikuwa mdomoni mwa mtu.

Kwenye teksi dereva alitaka kuzungumza habari za mafuta na serikali, akaona ameshika ndala moja ya mtu, akanyamaza.

Alipanda ngazi taratibu. Siku zote ukifika nusu ya ngazi unasikia vicheko vya kwa msusi. Leo alifika nusu, akafika robo ya mwisho, hakusikia kitu. Alipokunja kona alikuta viatu. Vilijaa mlangoni mpaka kwenye korido, vya wanawake, vya wanaume, hata buti za mlinzi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani watu wengi walikuwa wamekaa bila kuongea. Wakili aliwajua watu wa jengo lile. Hawakuwahi kukaa pamoja bila kuongea ila kwa jambo moja.

Akashindwa kusogea. Maji ya kiyoyozi chake yalidondoka juu ya mkeka wa watu, tone, likatulia, tone jingine. Alifikiria kuiacha ndala pale pale, kati ya viatu vingine, na kuingia kwake kimya kimya. Hakuna ambaye angemwona. Funguo alikuwa ameshazishika.

Mlango ukafunguka wenyewe. Alikuwa msusi, amevaa lile lile gauni la kutokea, miguu mitupu, macho mekundu. Walitazamana.

"Umeleta kiatu changu," msusi alisema kwa kunong'ona.

"Dada." Wakili aliinyoosha ndala. "Bibi?"

Msusi aligeuka kwanza akatazama ndani, na wakili alihisi ngazi zote alizopanda zikimtoka chini ya miguu.

"Amelala. Ndiyo maana wameambiwa wafunge midomo, na unajua ilivyo kazi kuifunga midomo ya hawa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Alianguka kweli. Aliinuka kutafuta sukari niliyomficha, moyo ukasimama njiani. Yule wa nusu kichwa ndiye aliyekisikia kikilia, alikuwa amekaa ananisubiri nirudi nimmalizie. Kambeba mgongoni mpaka zahanati na nywele zile zimesimama. Huko mapokezi wakadhani mgonjwa ni yeye."

Wakili alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akaegemea ukuta wenye ukungu.

"Daktari kasema angechelewa kidogo tu, basi," msusi aliendelea. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya jana. "Kitazimwa?"

"Sijui."

"Hujui, au huruhusiwi?"

"Sijui, dada. Nimeomba. Wamesema watasema. Nisikudanganye, sijui. Na jana nilikuwa sijaomba. Hilo ndilo nililoogopa kukwambia."

Msusi alimtazama, akiitafuna midomo yake. Nyuma yake watu waligeuza shingo wote pamoja, na yule wa nusu kichwa akanyoosha sikio bila aibu. Ukutani, kutoka chumba cha mwisho, mlio mdogo ulisikika, mmoja tu, ule wa kusema kwamba mtu amejigeuza ubavu.

"Ni nani huyo anasimamishwa mlangoni tena?" Bibi aliuliza, sauti nyembamba kuliko jana.

"Ni wakili, mama. Lala."

"Nimelala vya kutosha leo. Mwambie aache kusingizia siku nyingine."

Msusi aliipokea kandambili, akaiangusha chini kando ya mwenzake, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Umesikia," alisema. "Vua viatu uingie. Sahani yako tulishapakua, na chakula kinapoa."